Mkanda wa Bakhta

Kwa Sukaina binti Bujema, mjukuu wangu, ini langu, huko Rabat.

Salamu zikufikie, nyingi kama nyasi za halfa zilizoko hapa uwandani. Hujambo? Kile kikohozi cha chumba chako kisichoona jua kimekuacha? Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Mara ya mwisho nilipokushika mkono nilishika mfupa, na mfupa hausomi vitabu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa hili goti la kushoto ambalo halijanitii tangu nilipomzaa baba yako.

Anayeniandikia ni Bwana Tahar, Si Tahar kama tumwitavyo huku, mwalimu wa chuo cha Kurani. Unamjua, ni mtu wa maneno laini. Nikisema jambo, yeye hulisafisha kwanza ndipo aliandike. Nimemwambia leo hakuna kusafisha. Ameapa kwamba ataandika ninavyosema, na kwamba hatamsimulia hata mkewe, maana mkewe ndiye redio ya uwanda mzima. Hapa ameniomba tufute. Hatufuti.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu inashika kule kilimani tu, na habari za goti nimeshakupa. Tena kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza, na nimekwisha kunyamaza vya kutosha.

Habari za hapa: mvua ilirudi, kama ulivyosikia, baada ya miaka mitatu ya vumbi. Mama yako amemaliza zulia alilolianza ulipokuwa mwaka wa kwanza, na sasa anasema rangi yake haimpendezi. Nimemwambia hata mimi hanipendezi na bado naishi naye. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni mara yake ya mwisho kucheka, na imepita wiki.

Baba yako hafanyi kazi tena kwa watu wa ndege hubara. Jumatatu alikunja lile koti la kijani, akaweka kofia juu yake, akawarudishia mwenyewe, kwa miguu. Miaka sita amewalinda wale ndege, akijua kila jike lilipolalia, akitembea mbali na mayai yao kama mtu anayepita penye mgonjwa. Hakufukuzwa, wala si kwa wizi au uvivu. Nitafika huko. Niache nifike kwa mwendo wangu.

Nianze na Idi. Mwaka huu nilikuambia usije. Nikasema barabara imeharibika, nikasema maliza kwanza maandishi yako, mimi siendi popote. Ulinuna. Ukasema, “Bibi, mbona unanifukuza?” Nikakukaripia. Siku ile ya Idi nilipika kuskusi ya maziwa unayoipenda, nikaiweka mbele yangu mpaka ikapoa. Barabara ilikuwa nzima, Sukaina. Gari la unga lilipita kila siku. Nilikutamani kiasi cha kunusa lile shali lako uliloliacha msumarini.

Unakumbuka siku mlipomkamata yule mbwa mwitu jike? Ulirudi na wenzako wawili, mmoja mkono wa koti lake umechanika, nawe unacheka kama umetoka harusini. Ukasema ni jike mzee kidogo, anachechemea mguu wa kushoto, haogopi watu, na amewauma hata akiwa na dawa ya usingizi mwilini. “Nimempa jina lako, Bibi. Anaitwa Bakhta.” Nikakurushia ndala. Nikasema Mungu anilinde, mjukuu amenifanya mnyama. Lakini wiki hiyohiyo, sokoni Bouarfa, nilimwambia kila aliyenisalimia, mpaka muuza mbatata akasema, “Basi bibi mbwa mwitu, usinile.” Niliona fahari. Sikukuambia.

Ukanieleza kwamba ule mkanda mliomvisha shingoni una chombo kinachopeleka habari zake mpaka kwenye kompyuta yako. Popote aendapo, wewe unaona nukta. Ulitaka kujua kama kweli mbwa mwitu ndio wanaowamaliza hubara, kama wasemavyo wale wanaowatotoa vifaranga na kuwaachia uwandani. Mimi nilikuambia wale watu wananichekesha: wanamlea ndege kwa jasho asiliwe na mnyama mwenye njaa, ili aje aliwe na kozi, ndege wa kuwindia, wa mtu aliyeshiba. Wewe ukasema, “Hata hivyo, Bibi, bila wao ndege wangekwisha. Nataka waishi wote wawili.” Wote wawili. Maneno hayo nalala nayo.

Sasa wiki iliyopita ulimpigia baba yako simu, akiwa kilimani, nami nimekaa jiweni kando yake. Nilisikia sauti yako ikikatika. Ulisema viota kumi na kimoja vimeharibiwa kule kwenye uwanda uliozungushiwa waya, na nukta za Bakhta ziko pale pale, siku zilezile. Ulisema Jumatano ijayo kuna kikao, na wewe mwenyewe ndiwe utakayesimama kuonyesha nukta hizo, na baada ya hapo wataruhusu bunduki, na ukoo wote wa Bakhta utapigwa mpaka wa mwisho. Baba yako akakuuliza kama huwezi kunyamaza tu. Ukasema, “Baba, nukta ni nukta. Siwezi kuficha kwa sababu nampenda.” Nilitazama ardhi. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ananifundisha kuwa mtu.

Basi sikiliza. Kaa chini kwanza.

Bakhta amekufa. Si Tahar alitaka kuandika “amefariki dunia”, nikamwambia huyu hakufariki, aliuawa. Alikufa mwezi wa kumi na moja, mvua haijaja bado. Nilimuua mimi.

Katika wiki moja alikuwa amechukua wana-kondoo watatu. Unakumbuka hali ilivyokuwa: kondoo walikuwa wanakula maboksi ya karatasi, shimo letu la shayiri tupu mwaka wa tatu, mama yako anapunguza chumvi kwenye supu kana kwamba chumvi nayo inaliwa. Nilinunua sumu ya panya sokoni, imekunjwa kwenye kipande cha gazeti. Nikaichanganya na pafu la mwana-kondoo aliyekufa, nikaliweka kwenye korongo lenye ule mti wa mbatumu. Nikajiambia atakula mwingine. Nilijidanganya kwamba huyu mwenye mkanda, aliyepewa jina na Sukaina, ana adabu. Mtu akitaka kufanya ubaya hawi mjinga, anajifanya mjinga tu.

Alfajiri nikamkuta penye maji. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayekunywa. Mbwa wetu Dira alikuwa ameramba palepale, na yeye nilikuambia amekufa kwa uzee. Hakuwa mzee. Nilikaa nao mpaka jua likapanda. Mguu wake wa kushoto, Sukaina, ulikuwa umevimba gotini kama wangu. Nilimzika ndani ya shimo la shayiri, nikamfunika kwa lile blanketi langu la bluu. Dume lake lilikuja kumwita kila asubuhi, siku tisa, kutoka kilimani. Mimi nimefiwa na mume. Nilijua lilikuwa linauliza nini, na jibu ninalo mimi, nami nakamua mbuzi.

Ule mkanda niliuvua nikauficha chini ya magodoro. Siku ya tatu, nikiwa kule kilimani, ukapiga simu umeingiwa na hofu, ukasema Bakhta hasogei, huenda ameumia, unakuja na wenzako kumtafuta. Ungekuja moja kwa moja mpaka kitandani kwangu. Nikaogopa. Si wao, nilikuogopa wewe, nikaogopa jinsi ungenitazama. Nikauchukua mkanda nikamvisha Shahba, yule kondoo jike wa kijivu anayeongoza wengine, nikaufukia kwenye sufu yake. Kesho yake ukapiga simu unacheka: “Anatembea, Bibi! Alikuwa amechoka tu!” Nikasema alhamdulillahi. Ulimi wangu huu huu.

Tangu hapo, yule uliyekuwa unamfuata siku zote hizi ni kondoo wetu. Ulishangaa kwamba Bakhta siku hizi anakaa karibu na mifugo na hamli hata mmoja. Mwalimu wako alishangaa. Mliandika. Kisha mwezi wa pili ukasema ametulia mahali pamoja, hatoki, bila shaka amezaa, na ukalia kwa furaha. Kweli alikuwepo aliyezaa. Shahba alizaa pacha nyuma ya hema. Nikawatazama wale wana-kondoo wanavyotikisa mikia, nikasema Mungu wangu, hawa ndio vitukuu ninaompa Sukaina.

Ndiyo maana nilikuzuia usije Idi. Ungekuja na kile chombo chako kinacholia, ungemfuata Shahba mpaka zizini.

Na viota. Nimebakiwa na hilo, na hili ndilo lililomvua baba yako koti. Mvua ilipokuja, majani yaliota kwanza ndani ya waya, ambako mifugo hairuhusiwi mpaka hubara wamalize kulea. Nilimfuata baba yako langoni, nikamwambia, “Wewe unalinda mayai ya watu na kondoo wa mama yako wanaanguka.” Alisema, “Mama, nimeapa.” Nikamwambia mimi nilikunyonyesha miaka miwili bila kuapa. Nilimpiga hapo kwa makusudi. Akafungua lango, akaenda upande wa pili ili asione. Tulichunga humo siku tano. Shahba mbele, mkanda shingoni, kundi lote nyuma yake.

Siku ya pili ndege alitoka miguuni mwa Shahba, akajiburuza mbele yetu, bawa limelegea kama limevunjika. Wewe ulinifundisha utotoni mwako, uliporudi kutoka shule: hubara akijifanya mgonjwa, simama, mayai yako karibu. Nilisimama. Niliyaona, mawili, rangi ya udongo. Kondoo nyuma yangu walikuwa hawajashiba tangu mwaka juzi. Nikageuza uso, nikawaacha wapite. Nikasikia. Hiyo sauti ni ndogo sana, Sukaina, unaweza kusema hukuisikia.

Kwa hiyo si mbwa mwitu. Ni kwato za kondoo wetu na mbwa wetu wadogo wawili na mimi. Mnataka kuua ukoo mzima kwa nyayo za marehemu.

Mwezi wa kunyoa sufu nilikataa Shahba kunyolewa. Watu wakasema bibi amezeeka, anampenda kondoo kuliko wajukuu. Baada ya simu ile ya kilimani nilimwita baba yako, nikapasua ile sufu kwa vidole mbele yake. Aliutazama mkanda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu, “Sukaina anajua?” Asubuhi akaenda kwa wakubwa wake akawaambia lango alilifungua yeye. Hawakumwamini. Walimwambia anajibebesha kosa ili kuwanusuru mbwa mwitu wa binti yake, wakasema hayo ni maneno ya mzazi, nukta zinasema vingine. Amekaa sasa mlangoni, anasokota kamba ambayo hatuihitaji.

Ushahidi basi ni mkanda wenyewe. Leo asubuhi nimeuvua. Shahba alitikisa shingo, akasimama kidogo, akaenda zake. Sikuusafisha: sufu yake imekwama kwenye kifungo, na mafuta ya sufu yameingia kwenye mpira. Yeyote aliyewahi kushika kondoo atajua. Uweke mezani mbele yao kabla ya kusema neno. Na useme jina. Usiseme “mfugaji mmoja”, usiseme “bibi fulani asiyesoma”. Sema ni Bakhta binti Lakhdar, bibi yangu mzaa baba, aliweka sumu, akanidanganya, akawapitisha kondoo juu ya mayai. Wakitaka kuja na polisi waje, chai ipo.

Najua ninachokuharibia. Maandishi yako yote ya tangu mwezi wa kumi na moja ni ya kondoo. Watu watacheka, na ule mwaka wa kuhitimu utakuwa mwaka mwingine. Sikuombi unisamehe upesi. Ukikasirika, kasirika vizuri, kwa chakula tumboni. Ila nakuomba uwaokoe wale waliobaki kilimani. Dume bado lipo, nimeona nyayo zake tope lilipokauka, na kando yake nyayo ndogo. Sijui ni za nani. Wewe ungejua.

Mkanda umo ndani ya kifurushi hiki, nimeukunja kwenye shali lako la msumarini. Chombo sijui kukizima, kwa hiyo kinasema bado. Si Tahar ataupeleka mwenyewe kwa dereva wa basi la Oujda, kisha kifurushi kitapanda treni. Kabla hujasoma neno hata moja la barua hii, utakuwa umeshaiona ile nukta ikitoka uwandani, ikipita Taza, ikipita Fas, ikishuka Meknes, wewe umesimama mbele ya kompyuta unauliza anakwenda wapi huyu.

Anakuja kwako. Mfungulie mlango, binti yangu. Amechoka.

Mama yako anakusalimu, amekutumia siagi na tende, usiwape wenzako zote. Baba yako amekata kipande cha ile kamba anayosokota, akafungia kifurushi. Si Tahar anakusalimu, analowesha karatasi yangu, nimemwambia alie pembeni.

Mimi niliyekubeba mgongoni,

Bakhta binti Lakhdar
(alama hii ni kidole gumba changu cha kulia, kile kilichopasua ile sufu)