Mafiga ya Mama-mukwe ndani ya ngazi

Jumamosi, 1963. Mvua imekatika, ziwa limetulia.

Daftari yangu, nakusalimu kwanza, sababu mimi kuandika nilijifunza kwa barua tu. Papa Yosefu, bwana wangu, ni muzima, ametoka kazi ku porti ya maboti saa sita. Watoto: Yosefu ni muzima, Anjelina ni muzima, Petro anakohoa kidogo. Kuku wawili wanaatamia. Na mimi, roho inaruka.

Taa imewaka!

Nyumba ya matofali yenye baba-mukwe alijenga zamani, ile vita ilituachia kuta tupu, leo ina mabati, simenti chini, robine ya maji ndani ya jiko. Kuta nene za muzee hatukuzigusa, tulipaka chokaa tu. Papa Yosefu alibonyeza ukutani, ampule ikawaka mchana kweupe, watoto wakapiga kelele mpaka majirani wakakimbia wakifikiri kuna nyoka. Mimi nilizima na kuwasha mara sita.

Lakini sijapika humo hata chai.

Kwetu, nyumba ikirudishiwa paa, mama wa bwana njo anawasha moto wa kwanza, juu ya mafiga yake, yale mawe matatu ya kuwekea chungu. Mama-mukwe alikimbilia Zongwe wakati wa vita, yuko huko mpaka leo. Alituambia: "Nitarudi nikikuta mafiga yangu. Bila hayo, ile ni depo tu ya kuwekea watu, si nyumba yangu."

Na mimi, kwa haraka yangu, nilimwambia fundi Kalunga asafishe jiko la zamani lote.

Leo namuuliza mawe yako wapi. Anaonyesha ngazi mupya ya barza, anafurahi. "Yako hapo ndani, Mama Yosefu. Mawe magumu, mazuri."

"Kalunga! Hayo si mawe, ni mama-mukwe wangu!"

"Basi nimemujenga vizuri, hatakimbia tena."

Nilicheka, kisha nikalia. Papa Yosefu alitazama ngazi yake ya simenti, akaenda kuchukua nyundo.

Yametoka yote matatu. Moja limevunjika pembe. Jirani alitaka kuyasugua masizi, nikamukataza kabisa. Sasa yako jikoni chini ya ampule, meusi vile vile, karibu na robine inayong'aa. Ngazi hatuna, tunaruka kama mbuzi.

Lile la pembe nitamwambia Mama-mukwe mimi mwenyewe, kabla hajauliza.

Mama-mukwe, ni haya nitakuandikia kesho, barua iende na mutumbwi wa Zongwe: nyumba ni tayari, kuni ni kavu, tunakula kwa jirani. Utume neno haraka, siku gani unakuja kuwasha.