Koo Lina Fursa

Jumatatu, 6 Januari

Mdogo wangu amenipa daftari hili. Anasema nikirudi kutoka shule naongea mpaka mgonjwa anatamani kuziba masikio, bora niandike. Mgonjwa ni mama. Hajalalamika hata siku moja — mkono mmoja haumtii tangu apate kiharusi, na huo mwingine haupeleki sikioni. Lakini haya, naandika.

Shule imefunguliwa. Jengo letu la nyuma limefungwa, ufa wake unapitisha ngumi. Shule jirani nayo imebomolewa kupisha barabara, kwa hiyo watoto wao wamehamia kwetu, na walimu wao, na madawati yao ya miguu mitatu. Mwalimu Mkuu alitukusanya. Katoka semina ya siku tatu, karudi na fulana ya manjano na kijitabu. Mazingira yamebadilika, kasema, sasa tubadilike sisi. Kuanzia leo neno "tatizo" ni marufuku. Tuseme "fursa". Atakayeteleza apigiwe makofi matatu na wote walio karibu, azinduke.

Mwalimu wa sayansi akauliza: choo cha wavulana kimeziba, tusemeje? Mkuu hakupepesa macho. Kina fursa.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mkuu akaninyooshea kidole, akasema huyo hapo ndiye mwenye mtazamo chanya!

Jumatano, 8 Januari

Darasa la tano letu na la tano lao, chumba kimoja. Watoto tisini na sita. Wangu wanatazama ukuta huu, wao ukuta ule, migongo inagusana. Mbao mbili. Upande ule kuna mwalimu wa hesabu — mrefu, mkavu, hasalimii mpaka asalimiwe, na rula ya mbao ya mita nzima ambayo nadhani hulala nayo. Watoto wanamwita Rula. Mimi wananiita Spika, wanafikiri sijui. Miaka ishirini na mbili nafundisha Kiswahili na sauti yangu inafika getini bila kusaidiwa na mtu. Najivunia. Kwa nini nisijivunie?

Ratiba imepangwa na mtu asiye na masikio: kipindi changu na chake saa ile ile. Leo nimeuliza wingi wa "jani". Yule binti ninayemwita Maswali akasimama kwa adabu zake zote: "Hamsini na sita, mwalimu." Rula alikuwa kwenye saba mara nane. Upande wake, mtoto kaulizwa namba inayofuata, kajibu: "Kivumishi."

Ijumaa, 10 Januari

Vita. Yeye anagonga rula, mimi napandisha sauti. Mimi nikipandisha, yeye anagonga zaidi. Watoto wa katikati wameanza kunakili mbao zote mbili kwenye daftari moja, ili wasimuudhi mtu. Mkuu kapita dirishani, katunyooshea dole gumba. "Sauti mbili, utajiri mara mbili!" Huyu mtu nitamfanya nini?

Koo linawasha. Maji ya moto na asali.

Jumanne, 14 Januari

Tangazo limebandikwa. Mkaguzi anakuja tarehe 29. Kila chumba chenye walimu wawili kitabaki na mmoja, atakayemchagua yeye. Wa pili atapangiwa kituo kingine, popote penye upungufu. Mkuu ametufafanulia: ni fursa ya kuiona nchi.

Sitaki kuiona nchi! Nchi ninayoitaka ni hii, kutoka getini mpaka kitandani kwa mama. Mdogo wangu ni muuguzi, anaingia zamu saa nane mchana. Mimi nafika saa nane unusu, na hiyo nusu saa jirani anatukalia naye. Mama lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inachubuka. Nikipelekwa huko penye upungufu, atageuzwa na nani?

Nimemwambia mdogo wangu. Kasema dada, tusiwaze mabaya. Hata yeye! Halafu akaenda jikoni akafungulia bomba kwa nguvu, ili nisisikie analia. Nimesikia.

Basi Rula ataondoka yeye. Nitafundisha mpaka vioo vipasuke.

Alhamisi, 16 Januari

Sauti imekatika. Katikati ya methali na nahau, pwaa, kama redio iliyoishiwa betri. Nikafungua kinywa, upepo mtupu. Rula kule akaendelea peke yake na kwa mara ya kwanza wiki nzima nikasikia anafundisha nini. Anafundisha vizuri, bahati mbaya.

Daktari kanichungulia kooni na kijitaa. Vinundu kwenye nyuzi za sauti. Wiki mbili bila neno, hata kunong'ona marufuku, kunong'ona ndiko kunakoumiza zaidi. Nikilazimisha, sauti inaweza isirudi tena. Akanipigapiga bega: fikra njema, mama, nusu ya dawa ni fikra njema. Nilitaka kumuuliza nusu nyingine iko wapi.

Wiki mbili zinaisha tarehe 30. Mkaguzi tarehe 29. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa kalenda, jibu ni lile lile. Nikichukua likizo ya ugonjwa, atakuta mwalimu mmoja chumbani na kazi yake imekwisha.

Nimempelekea Mkuu karatasi: "Koo langu lina tatizo." Akasoma. Akaweka kikombe chini, akanipigia makofi matatu, peke yake, ofisini. Halafu akachukua kalamu — yeye mwenye sauti nzima! — akakata neno langu, akaandika juu yake, akanirudishia. "Koo lina fursa."

Jumatatu, 20 Januari

Daftari hili sasa linakuja shuleni. Kurasa za nyuma nazichana kuongea na watu. Ijumaa nilifundisha kwa mikono, watoto wakadhani ni mchezo, wakabahatisha majibu mpaka kengele.

Leo mapumziko Rula kanijia mezani. Nikajua kaja kunisimanga. Kasimama, kaangalia viatu vyake, kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema tangu aje. Kwamba hawezi kushindana na mtu asiye na sauti, anajiona mwizi. Kwamba tupeane zamu. Dakika ishirini zake: yeye anasema, wangu wanaandika zoezi. Akigonga ubao mara mbili, zamu yangu: wake wanakokotoa kimya, mimi naandika ubaoni, mtoto mmoja ananisomea kwa sauti. Nikimaliza nagonga mimi.

Nikaandika: "Kwa nini unanisaidia?" Kajibu sijakusaidia, kelele zako zilikuwa zinanivurugia hesabu. Mkavu yule yule.

Ijumaa, 24 Januari

Inafanya kazi! Siamini, lakini inafanya kazi. Chumba kimetulia mpaka unasikia chaki. Maswali ndiye msomaji wangu, anasoma kwa kiburi kama mtangazaji, na kumbe watoto wangu wakisikia sauti ya mwenzao wanasikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi. Limeniuma kidogo. Limeniuma sana. Miaka ishirini na mbili nawapigia kelele watu ambao wangenielewa kimya kimya.

Mkuu ameliona, na ameshaliandika kwenye ripoti. "Mfumo wa Utulivu Chanya, uliobuniwa na uongozi wa shule." Rula kaisoma kwenye ubao wa matangazo, kapumua puani mara moja. Nadhani hicho ndicho kicheko chake.

Nimemuuliza, kwa karatasi, akihamishwa yeye itakuwaje. Kasema hii ni shule ya nne ndani ya miaka mitano. Mkewe ameacha kufungua maboksi, vikombe anavitoa kimoja kimoja. Mtoto wake wa mwisho akiona gari la mizigo barabarani anaanza kukusanya viatu. Akayasema hayo huku anafuta ubao.

Nilikuwa namchukia vizuri tu. Sasa nimchukieje?

Jumanne, 28 Januari

Maagizo ya Mkuu kwa ajili ya kesho. Madirisha yafutwe. Dawati la miguu mitatu liegemezwe ukutani na akae mtoto mwepesi. Asitajwe mwalimu mgonjwa. Na zamu ziwepo, ndiyo, zimeshaandikwa kwenye ripoti, ila kila mwalimu kwenye zamu yake aseme mwenyewe, kwa uchangamfu. Fomu ya mkaguzi ina kipengele: sauti ya mwalimu inasikika. Nikamwonyesha koo langu kwa kidole. Kasema mwalimu, mwili hufuata akili, wewe jiambie inatoka, itatoka.

Nikamchania karatasi. Sitaandika hapa nilichomwandikia. Makofi yalikuwa zaidi ya matatu.

Nyumbani nimemgeuza mama, nimempaka mafuta mgongoni. Anasema tangu ninyamaze nyumba imekuwa kubwa, haipendi. Niongee kidogo tu. Nikatikisa kichwa. Akasema mwanangu nani amekukosea. Nimelia bila sauti, ambayo ni namna mbaya kabisa ya kulia, haimalizi kitu.

Jumatano, 29 Januari

Naandika darasani. Mkaguzi yumo. Mama wa miwani, mpole, na upole wake ndio unanitisha. Kawekewa kiti katikati, pale migongo ya watoto inapokutana. Alipoingia alisema kwa wema tu, "Naona hapa kuna tatizo la nafasi." Watoto tisini na sita wakampigia makofi matatu. Akadhani anakaribishwa, akashukuru. Mkuu mlangoni, fulana ya manjano imelowa jasho mpaka kiunoni.

Zamu ya kwanza ni ya Rula. Kaanza saa tatu kamili. Wangu wanaandika insha, mimi nimekaa mezani, najifanya nasahihisha. Mkaguzi amegeuka kunitazama mara mbili. Kaandika kitu.

Saa tatu na dakika ishirini na mbili. Hajagonga.

Na dakika ishirini na saba. Hajagonga! Anafundisha kama sijawahi kumwona, anazunguka, anauliza, anatania — Rula anatania! Ananiibia zamu? Au ananikinga, kila dakika anayosema yeye ni dakika ambayo mimi sifungui mdomo? Namtazama usoni nione. Yeye mwenyewe haniangalii. Pengine hajui ni lipi. Pengine anaviona vile vikombe. Mimi namwona mama, na wala simlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mkaguzi kaniangalia tena. Ukurasa wake wa Rula, nimeona kutoka hapa, umejaa. Ukurasa wangu una mstari mmoja.

Dakika thelathini na tatu. Maswali ameweka kalamu chini, yuko tayari kusoma, anangoja ubao wangu ambao hauna kitu. Mkuu mlangoni ananionyesha koo lake kwa kidole, halafu anatabasamu, anafungua mikono kama anayeachia njiwa. Yaani itoke!

Nikikaa hivi hivi, mimi ndiye mwalimu aliyekaa.

Nimegonga. Mimi. Mara mbili, kwa dasta. Rula kakatika katikati ya sentensi, mkono juu, na uso wake sasa nimeuona, na ulikuwa uso wa mtu aliyeshukuru. Wake wameinamia daftari. Wangu wameinua vichwa wote kwa pamoja. Mkaguzi amegeuza kiti, amefungua ukurasa mpya, kalamu iko tayari.

 Wote wananitazama. Na mimi bado naandika hapa kama mtu mwenye kazi, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nifungue mdomo, na sauti inaweza isirudi tena. Basi naweka kalamu, nachukua chaki, Maswali atanisomea.