Kaka Yetu Alivyoupa Uwanja Mgongo

San Jerónimo Tlacuilo, Tlaxcala
20 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu Fidencio,

Pokea salamu za dada yako ambaye, Mungu ashukuriwe, ni mzima wa kila kitu isipokuwa sauti. Wewe u hali gani? Mgongo umepona, au bado unaosha masufuria ya watu umejipinda? Na baridi ya Chicago imekwisha, au huko mpaka Mei mnavaa makoti? Nijibu kweli, usinifiche kama mwaka jana ulipolazwa hospitali tukaja kuambiwa na watu baki.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri na mahindi yamechipua. Punda wa jirani amekufa, nami sikulia, maana maharage yangu aliyafanya yake.

Ningekupigia simu dukani, lakini nikifungua mdomo natoa sauti ya chura. Mwenye duka alidhani namtania. Kwa hiyo naandika, na barua ataileta Zenaida, binti wa fundi viatu, anayesafiri Alhamisi. Mkaribishe, mpe kahawa, na umwangalie vizuri kwa sababu hana mchumba.

Sasa kaa chini. Umekaa? Tumepanda, Fidencio! Wafumaji wamepanda daraja la kwanza! Timu ambayo ulikuwa ukiniambia itapanda siku nguruwe akiota mbawa, basi nenda kamtafute nguruwe wako huko juu. Jana tumewafunga Wachonga Mawe wa Xaltenco moja bila, na mtu aliyetuokoa ni Isauro, mtoto wa kaka yetu Crescencio. Yule yule uliyekuwa ukimpigisha vichwa uani kwa mpira wa mabaki ya sufu, mpaka mama anakufukuza kwa ufagio.

Wewe umeondoka zamani, kwa hiyo mengine umeyapata vipande vipande. Isauro alikwenda kuchezea timu ya mji mkuu akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama uzi, akakalishwa benchi mpaka tukadhani amegeuka sehemu ya benchi. Goli lake la kwanza alilifunga kwa makalio, mpira umemgonga tu akiwa amegeuka kubishana na refa, na wifi yangu Brígida, mama yake, akalia kanisani kwa furaha kama vile kafunga kwa kichwa. Baadaye timu ya Guadalajara wakamchukua, wakampa jina la Blanketi, maana mshambuliaji akishafunikwa na Isauro haoni jua tena. Timu ya taifa walimwita mara moja, mechi ya kirafiki, akavaa jezi, akapasha misuli dakika tisini nzima, hakuingizwa. Ile jezi wifi ameitia kwenye fremu juu ya meza ya kulia, na ole wako umuulize kwa nini haina jasho.

Halafu likaja lile goti. Daktari alisema hatacheza tena, labda atembee kwa fimbo. Akapona! Akacheza tena, na sasa akiwa na miaka thelathini na minne amerudi kumalizia kwetu nyumbani, na alishatangaza kwamba fainali ya jana ndiyo mechi yake ya mwisho.

Na hapa ndipo palipokuwa na mwiba. Unamjua kaka yetu Crescencio. Zamani hakukosa mechi hata moja ya mwanawe. Alikuwa akipanda basi usiku kucha kwenda kumwona mtoto amekaa benchi. Lakini tangu goti lipone, hakukanyaga tena uwanjani. Akiulizwa, anasema ana kazi ya kufuma. Jumapili! Kijiji kizima kikasema lake. Wengine wakasema anamwonea wivu mwanawe, wengine kwamba walipigana. Isauro mwenyewe hakusema kitu, ila ulikuwa ukimwona akiingia uwanjani anainua macho kwa watazamaji kumtafuta baba yake, kisha anayashusha. Mimi moyo ulikuwa ukiniuma, Fidencio. Mechi ya mwisho ya maisha yake, uwanja uko mtaa wa pili, na baba mtu anasema ana blanketi la sarape la kumalizia!

Basi jana asubuhi kocha alimruhusu Isauro aje kula nyumbani. Wifi alishafunga unga wa mahindi kwenye maganda akabandika tamali tangu alfajiri, za mchuzi wa mole na za pilipili na jibini, zile unazozilia machozi huko unakokula za kopo. Saa nne akafunua sufuria: mbichi. Akaongeza moto. Saa tano kasorobo akafunua tena: unga teketeke, unanata kwenye maganda kama gundi. Na mvuke unatoka vizuri, na maji yamo.

Unajua maana yake: tamali haziivi penye kinyongo. Brígida akaushika mwiko kama bunduki.

“Humu ndani kuna mtu ana kinyongo!” akasema. “Tamali hazijanigomea tangu niolewe. Nani? Ajitokeze!”

Akavifunga vishikio vya sufuria kwa maganda ya mahindi kama masikio, akatupanga mstari, tukaanza kuichezea sufuria ngoma kama walivyofanya wazee, ili kinyongo kitoke. Nimecheza mimi na magoti yangu haya. Isauro amecheza na suruali ya timu. Crescencio naye kavuliwa kofia, kacheza, uso umemkauka kama anakwenda kuzika. Wifi akafunua. Mbichi!

“Mama,” Isauro akasema, “usiwachoshe watu. Mwenye kinyongo ni mimi.”

Akamgeukia baba yake. “Baba, leo namaliza. Nilidhani ungekuja leo tu, hata kwa aibu ya majirani. Nimekukosea nini? Nikiwa kiwete ulikuwa ukinibeba mgongoni kunipeleka msalani. Nilipopona ukanitupa. Ulipenda nibaki kiwete?”

Mungu wangu! Nilidhani Crescencio atampiga kofi. Badala yake akavuta kigoda akakaa.

“Nilikuwekea nadhiri,” akasema. “Daktari alipokukatia tamaa nilikwenda kwa miguu mpaka kanisani kwa Bikira Maria wa Ocotlán. Nikamwambia, Mama, mpe mtoto goti lake, nami nitakupa kile ninachokipenda kuliko vyote duniani. Sina ng'ombe, sina shamba la maana. Ninachokipenda ni kukutazama ukicheza. Nikampa hicho. Nikamwahidi sitakuona tena ukicheza mpaka siku utakapotundika daluga.”

“Na hukuniambia?” Isauro akauliza.

“Nadhiri ikitangazwa ni majigambo. Na wewe ungecheza ukiwa unanihurumia. Beki mwenye huruma ni wa nini?”

Kumbe zile Jumapili alikuwa na redio chini ya mtambo wa kufumia, kaifunika na sufu! Mimi nikalia, Isauro akalia, akampigia baba yake magoti akamkumbatia kiunoni. Brígida yeye hakulia. Brígida aliwaka.

“Ewe mwanamume! Miaka yote hii nimemwashia Bikira mishumaa akulainishe moyo, kumbe mwenye kukuzuia ni yeye! Atakuwa ameniona mjinga namna gani?”

Akampiga na kitambaa cha sahani. Kisha akauliza kwa utulivu ule wa kutisha unaoujua, “Ulimwahidi nini hasa? Kutokwenda uwanjani, au kutomwona?”

“Kutomwona.”

“Basi utakwenda. Utaupa uwanja mgongo.”

“Hiyo ni kumfanyia Bikira ujanja, Brígida.”

“Bikira ni mama. Yeye alikuwepo chini ya msalaba mwanawe alipokuwa anamaliza. Na wewe utakuwepo.”

Crescencio aliinuka kigodani. Alikwenda kuvaa shati jeupe. Na Fidencio, cheka ukitaka, lakini tulipofunua sufuria, tamali zilikuwa zimeiva, zinateleza zenyewe kwenye maganda. Isauro alikula mbili, kocha asijue.

Tukaenda. Tulikaa safu ya kwanza kabisa, pale wavu unapotenga watu na uwanja. Crescencio akaweka kigoda chake, akaegemeza mgongo kwenye wavu, akawatazama watu elfu nane usoni. Nami nikaketi mbele yake kumsimulia mechi. Fikiri shida yangu! Mimi ambaye kuotea mpaka leo sijui ni kitu gani!

Watu hawakutuacha. “Mzee, uwanja uko huku nyuma!” Mwingine akapaza, “Umelipa tiketi kuja kututazama sisi? Basi ungetuambia tujipake poda!” Crescencio akaweka mikono magotini.

“Sema, Otilia. Mpira uko wapi?”

“Anao yule mrefu. Amempa kipara.”

“Kipara yupi? Wetu au wao?”

“Wapo vipara wawili, kaka, wote wanakimbia!”

“Mungu wangu, ningekuja na redio. Isauro yuko wapi?”

“Yuko kwake kushoto. Amemfunika yule namba saba. Namba saba anamlalamikia refa. Isauro anamcheka.”

Hapo akatabasamu, akafumba macho. Na kila nilipotaja jina la Isauro alikuwa akigeuza sikio moja nyuma, sikio tu, shingo haikugeuka. Wale waliokuwa wakitutania wakaanza kuulizana. Brígida, ambaye siri haikai kwake hata dakika, aliwaambia waliokuwa karibu, nao wakawaambia wa juu yao, na muda si muda hakuna aliyecheka tena. Wakaanza kunisaidia. Yule wa poda ndiye aliyekuwa akinisahihisha vipara.

Kipindi cha pili tukapata goli, kijana wetu mmoja wa hapa Tlacuilo, kwa shuti la mbali. Nilipiga kelele, nusu ya sauti ikaenda pale pale. Crescencio alikuwa akirukaruka huku anatutazama, machozi yanamtoka. Halafu ikaja dakika ya mwisho. Wachonga Mawe wana kona. Mpira ukapita vichwa vyote, kipa wetu yuko chini, namba saba yuko peke yake na goli tupu mbele yake. Watu elfu nane wakashika vichwa. Crescencio akaziona nyuso zetu.

“Nini? Nini, Otilia? Sema, mwanamke!”

Namba saba akapiga. Na Isauro akatokea sijui wapi, akaruka mzimamzima, akaupokea ule mpira kwa uso, juu ya mstari wenyewe wa goli! Pua ikavunjika, damu hiyo, mpira ukatoka nje. Nikafungua mdomo kumwambia kaka, haikutoka hata pumzi. Nikabaki nampigapiga kifua na kujipiga pua yangu mwenyewe. Yule bwana wa poda ndiye aliyelia, “Mwanao, mzee! Mwanao ameuzuia kwa pua!”

Refa akapuliza filimbi. Fidencio, sijui nikueleze vipi. Kengele za kanisa, fataki, watu wanakumbatia hata askari. Nikamvuta Crescencio mkono ageuke, mechi imekwisha, angalia! Akakataa. Akashikilia kigoda chake.

“Bado ana daluga miguuni,” akasema. “Neno langu ni neno langu.”

Isauro alikuwa amebebwa juu juu na wenzake. Nikamwona anajipapatua, anashuka, anakuja kwetu akichechemea, pamba imejaa puani. Akakaa chini kwenye nyasi, upande wa pili wa wavu, mgongo kwa mgongo na baba yake. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto. Akafungua cha kulia. Akazifunga kamba pamoja, akasimama, akavitundika vile viatu kwenye wavu, juu ya bega la Crescencio.

“Baba,” akasema, kwa sauti ya mafua kwa ajili ya ile pua, “nimetundika. Geuka.”

Crescencio akapandisha mkono, akazipapasa daluga moja moja, bado zina joto na tope. Kisha akageuka. Akashika wavu kwa vidole vyote. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani, jezi yenye damu, mpaka soksi, nami nilidhani atalia. Ndipo akasema, “Sasa kimbia kidogo, nikuone.”

Na Isauro akakimbia, Fidencio. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, na goti lile, na soksi tupu, akakimbia upande wa kushoto kwenda na kurudi, peke yake, hakuna mpira, hakuna mpinzani, sherehe yote iko upande mwingine. Na kaka yetu, kang'ang'ania wavu, anamfokea kwa nguvu zake zote, “Rudi nyuma! Linda nyuma! Usipande sana!” Isauro akawa anarudi nyuma, analinda, anacheka na kulia pamoja.

Wasalimie huko binamu yetu Rutilio na mkewe, na watoto wao ambao mimi nawajua kwa picha tu. Brígida anakusalimu shemeji yake, anasema utume kipimo cha kiuno akufumie kitu cha kukinga huo mgongo. Isauro anamsalimu sana baba yake mdogo, pua imewekwa plasta, na anasema vichwa vya uani vimemsaidia. Crescencio hana salamu ndefu. Amesema nikuandikie hivi: amemwona.

Bikira wa Ocotlán akufunike kwa joho lake huko kwenye baridi, akurudishe kwetu ukiwa mzima, na mapema.

Ni mimi dada yako akupendaye hata bila sauti,

Otilia