Maneno ya Daktari Wahome

Adams Arcade, Nairobi
12 Machi

Kaka Oloo,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitufundisha kusalimu kwanza. Hamjambo hapo Ugunja? Shemeji na watoto ni wazima? Mimi nina afya, ila hasira niliyo nayo juu yako hainipi hamu ya kula. Nimeshika kalamu kwa kuwa namba yangu umeifungia.

Nani alikuruhusu kumchukua mama kabla ya kumaliza dozi? Zilibaki tatu! Nikiwa kazini Hurlingham ukaja na gari, ukampeleka nyumbani, ukachinja ng'ombe kwa ibada ya shukrani, wanakwaya wako wakaimba. Sasa binamu yetu Everlyn ananiambia uvimbe wa titi umerudi na wewe unamchemshia mizizi. Sikio la kufa halisikii dawa, Oloo, lakini hapa atakayekufa si wewe.

Nikueleze alivyosema Daktari Wahome kule Parklands, labda utashika. Uvimbe ulikuwa umenywea, lakini zilibaki seli chache ambazo ndizo mbegu ya ugonjwa. Zikiwa peke yake, dawa ingezimaliza. Shida ni seli za kando, zile ambazo kazi yake ni kuponya vidonda. Zinazizunguka zile za ugonjwa, zinazilisha, zinazikinga na dawa. Ndiyo maana alisisitiza dozi zile tatu. Niliposikia ya mizizi nikakumbuka seli hizo za kando, nikakuona wewe na wanakwaya wako.

Ulijitetea kwamba mama mwenyewe anakataa kurudi, eti daktari alimwambia amepona. Nikakuita mwongo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima.

Hukudanganya. Unajua Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu, na daktari hajui Kijaluo. Mkalimani nilikuwa mimi. Mama alikuwa amekonda, kucha zimekuwa nyeusi, macho yote kwenye mdomo wangu. Nikamwambia amepona, na dozi zilizobaki si lazima. Akalia kwa furaha. Nilipanga kumwambia ukweli kesho yake, na kesho yake ukaja.

Bado sijakusamehe, na najua nawe hutanisamehe. Lakini mama hatarudi kwa amri ya yeyote. Mketishe, umsomee barua hii kwa Kijaluo, neno kwa neno, hata pale panaponiaibisha. Usimpunguzie kama nilivyompunguzia mimi. Daktari anamsubiri Jumatatu.

Wasalimie watoto. Mama msalimie mwisho, ukishamaliza kumsomea, kama bado atazitaka salamu zangu.

Dada yako,
Ajwang