Binti Aliyekuwa Nje Anapaki Gari

Jumapili jioni, Uriri

Mbwa! Yule mzee wa kwenye filamu alikuwa anatafuta mbwa!

Nimeitazama hiyo filamu mara tatu kwenye kibanda cha video sokoni, DJ akitutafsiria kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Kwa DJ, mzee anamtafuta binti yake aliyemfukuza nyumbani. Nililia mara zote. Mara ya tatu nilibeba taulo kabisa.

Leo binamu yangu Akoth amekuja kutoka Homa Bay na laptopu, akaniwekea filamu yenyewe bila DJ. Nikangoja binti atajwe. Wapi!

"Binti gani?" Akoth akaniuliza. "Si mzee amepotelewa na mbwa tu?"

"Na huyu anayemrukia mwishoni?"

"Ndiye huyo mbwa, dada!"

DJ alituambia mbwa ametangulia tu, binti yuko nje anapaki gari. Na mimi nikaamini.

Akoth amecheka mpaka akamwaga chai. Hajui shida yangu. Juzi niliwasimulia kina mama wa kanisa habari za binti huyo, iwe funzo la msamaha. Walilia. Min Otieno, mwenyekiti wetu, akampigia simu binti yake aliyeolewa Mfangano. Walikuwa hawaongei tangu Krismasi. Sasa wamepatana, na mwenyekiti anataka kina mama wote waione filamu Jumapili ijayo.

Kumwambia ukweli siwezi. Nitazima sauti nisimulie mwenyewe. Wakiuliza mbona binti haingii, nitasema bado anatafuta pa kupaki.