Vilima vya Mirihi

Tabora, Jumanne, Machi 1972

Bado najicheka. Wiki nzima nimewafundisha Kidato cha Tatu kwamba picha ya Mirihi niliyoazimwa na padre wa Kipalapala, iliyopigwa na chombo kinachoizunguka sayari hiyo, inaonyesha vilima vilivyosimama kama vichuguu.

Leo mke wangu, akichambua mchele upande wa pili wa meza, aliitupia jicho. "Baba Salima, vilima gani? Mbona hayo ni mashimo."

Nikabisha. Kisha nikahamia upande wake. Mashimo matupu. Picha nilikuwa nimeigeuza juu chini, vivuli vikanidanganya.

Kukiri mbele ya darasa kunanitia hofu kidogo. Lakini kesho nitailaza mezani, nusu yao wakae upande wangu, nusu upande wa Mama Salima. Wabishane kwanza, ndipo niwaambie nani alinifundisha.