Kambi Haina Mama

Mama,

Nakuita hivyo makusudi, maana sasa huwezi kunikatiza. Shikamoo sikuamkii. Marahaba yako uliigawa kama sukari ya duka la ushirika, kijiko kwa kijiko, na mimi nimechoka kupanga mstari.

Nikupe habari. Tangu tukuzike hapa Ngokolo mvua zimekwisha, pamba imevunwa, na ng'ombe wako shangazi amewaswaga kwake bila kuuliza mtu. Kambi ya likizo ya Juni imefanyika kule Geita kama kawaida, kwenye mabanda ya bati tuliyoachiwa mgodi ulipofungwa. Wazee wa kanisa walinipa niiongoze badala yako. Mzee Masanja, mwenyekiti wao, alisema, "Doto, mdomo wako ni mrefu, lakini hakuna mwingine anayejua sufuria ziko wapi."

Kweli. Nimekulia kambini. Nilianza kwa kumenya viazi kabla sijafikia kimo cha meza, nikafundisha nyimbo, nikapika, nikasimamia uchimbaji wa vyoo, nikashika sanduku la dawa. Kila Juni. Wanaosoma makala zangu gazetini, ninamowachana wachungaji na makatibu wa chama kwa zamu, hushangaa kwamba mwezi wa sita nakwenda kufundisha watoto mapambio. Hawajui nafuata nini.

Wewe ulijua. Hatukuwahi kulisema.

Basi nalisema. Ulitufundisha, mimi na pacha wangu Kulwa, kwamba tukishuka kwenye lori pale getini huitwi tena Mama. Unaitwa Mwalimu. Ulisema ndiyo haki: wenzetu wameacha mama zao Isaka na Kahama, kwa nini sisi tuwe na wetu? Mtoto akilia ulimwambia maneno matatu, "Kambi haina mama," ukampa ndoo akachote maji. Tulizoea. Siku ya kurudi nyumbani, lori likivuka reli tu, Kulwa na mimi tulikuita mama kwa kelele, kwa Kisukuma chetu, "Mayu! Mayu!" kana kwamba tumefunguliwa kamba midomoni, nawe ukajiziba masikio huku ukicheka. Nilikupenda sana pale relini. Niliandike na hilo, lisije likapotea kwenye hasira yangu.

Mwaka uliofuata Uhuru, Kulwa aliamka kambini anatetemeka. Mstari wa dawa ulikuwa mrefu asubuhi ile, wenye vidonda, wenye macho mekundu, wenye minyoo, nawe umekaa na sanduku mapajani. Akapita pembeni ya mstari, akakuita. Si Mwalimu. "Mayu." Watoto wakacheka. Ulinyanyua kichwa, ukamtazama kama mtoto wa jirani, ukasema, "Kambi haina mama. Subiri zamu yako."

Akarudi nyuma. Alikuwa mtiifu, Kulwa. Ubishi wote niliuchukua mimi tumboni. Zamu yake ilipofika alikuwa amelala chini, na wenzake wamemruka wakidhani amesinzia. Lori la mgodi lilimkimbiza hospitali. Alirudi amefunikwa kanga yako.

Najua utetezi wako: malaria ile ingemuua hata hivyo. Inawezekana. Kesi yangu haiko hapo. Kesi yangu ni kwamba Juni iliyofuata ulirudi kambini, na sheria ukarudi nayo. Hata nyumbani ulikataa kuitwa Mama Kulwa. Mtaa mzima wa Ngokolo ukajifunza kusema Mwalimu. Kukuita Mama Doto hakuna aliyethubutu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko hai, nina njaa, na mama yangu namwomba uji kwa jina la Mwalimu. Uliing'ang'ania sheria ile kwa sababu ukiiacha ungekiri imemuua nani. Wewe, uliyehubiri toba kwa watoto wa watu! Wa kwanza ulimzika. Wa pili ukamfanya yatima.

Ndiyo maana sikuacha kambi. Nilikwenda kusimama kwenye lile sanduku. Aliyelia nilimpitisha mbele, nawe ukanisema mbele ya wapishi: "Doto alizaliwa wa pili, hata huruma yake imechelewa." Wapishi walivunjika mbavu. Lilikuwa tusi zuri, Mwalimu. Halijanitoka hadi leo.

Siku yako ya mwisho hospitalini muuguzi alikuambia, "Mama, meza dawa." Ukamsahihisha: "Mwalimu." Hapo nikainama, nikakuita kwa jina lililokuwa limenikauka kinywani tangu kule relini. Mayu. Ulifumbua macho. Sijui ulimwona nani, mimi au Kulwa. Ukasema, "Subiri zamu yako."

Nami nikasubiri! Msomi mzima, bakuli la uji mkononi, nikasubiri. Jioni ukafa. Zamu haikufika.

Mwaka huu mtoto wa mchimbaji mmoja wa Bulyanhulu alishuka kwenye lori akiangua kilio. Vijana uliowalea wakaitikia kwa pamoja, wakipiga makofi: "Kambi haina mama!" Umekuwa wimbo, unajua? Wanaucheza. Niliwakaripia mpaka sauti ikakauka, kisha nikatangaza kwamba anayemlilia mama yake aje kwangu. Matobolwa, vile viazi vyetu vikavu, yaliungulia jikoni siku hiyo, maana nusu ya kambi ilikuwa imenikalia mapajani. Mpishi akaguna, "Mwalimu angekuwepo tungekuwa tumeshakula." Ni kweli. Wangekuwa wameshakula.

Limebaki la msalaba. Nilitaka uandikwe Mama Kulwa. Mzee Masanja akakataa: "Alikuwa wa wote, usimfanye wa mmoja." Nikamjibu kwamba huyo mmoja alikufa kwa ajili ya hao wote. Wazee wakainamisha vichwa, kisha wakapiga kura. Mimi ninayewashinda kwa kalamu nilishindwa kwa mikono iliyonyooshwa. Upande wa mbele umeandikwa kwa rangi nyeusi: MWALIMU WA KAMBI. Haya, umepata ulichotaka.

Lakini kaburi la Kulwa liko nyuma ya lako. Jana nilikwenda na kopo la rangi. Upande wa nyuma wa msalaba, ule unaomtazama yeye, nimeandika neno moja: MAYU. Herufi zimechuruzika, sina mkono wa kuchora. Usijisifu, sikuandika kwa ajili yako. Niliandika kwa sababu aliita na hakuitikiwa.

Kambi nitaiendesha mpaka nguvu ziniishie, na maneno yako matatu hayatatamkwa tena pale getini. Hiyo ni ahadi. Lala, Mayu. Ukimkuta Kulwa huko, usimpange mstari. Na mimi nikija, sitasubiri zamu.

Wa pili wako,
Doto